Fizikia ya Kidato cha Tano na Sita: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Mwanza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu ya mwalimu wa fizikia haitulii. Leo anapiga mtu wa Buhongwa, kesho wa Sengerema, keshokutwa wa Nansio, na wote huuliza karibu mambo yale yale. Haya hapa maswali pamoja na majibu yake. Penye mengi nimeeleza kwa kirefu, pasipo na mengi nimepita haraka.

Nilipata B ya Fizikia kidato cha nne. Advansi kuna ugumu gani hasa?

Hongera kwa hiyo B. Ila imepima zaidi uwezo wako wa kuchagua kanuni iliyo tayari na kuweka namba. Kidato cha tano utaulizwa kanuni yenyewe imetoka wapi, na ni wakati gani haifai kutumika.

Chukua mtumbwi wa injini unaokaribia mwalo. Nahodha anazima mashine, mtumbwi unaendelea kuteleza huku ukipungua kasi mpaka unagusa mchanga. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha nne atakimbilia v² = u² + 2as. Kanuni hiyo inataka mchapuko usiobadilika, na hapa unabadilika: maji huuzuia mtumbwi kwa nguvu wakati una kasi, kisha hulegea kadiri kasi inavyoisha. Ukichukulia kwamba ukinzani wa maji unalingana na kasi, basi kasi inashuka kwa kufuata e⁻ᵏᵗ, na huwezi kufika hapo bila kuandika mlinganyo wa mabadiliko na kuufanyia intigresheni. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kinachowasumbua si fizikia bali ni hisabati.

Mada zilizozoeleka ni vipimo na makosa yake, umakanika, joto, fizikia ya mazingira, umeme wa mkondo, elektroniki, mwendo wa vimiminika, mitetemo na mawimbi, sifa za maada, umeme tuli, sumaku-umeme na fizikia ya atomu. Muda nao si mwingi. Unaripoti Julai, na mtihani wa taifa unakukuta Mei, miezi 22 baadaye, likizo zote zikiwa humo humo.

Mada ipi inaangusha wengi?

Kwa ninavyoona mimi, mwendo wa kuzunguka. Watu wanaupita haraka kwa sababu kanuni zake zinafanana na zile za mwendo wa kawaida: badala ya kani unaweka momenti ya kani, badala ya tungamo unaweka momenti ya inesha, badala ya mchapuko unaweka mchapuko wa kuzunguka. Mwanafunzi anakariri jedwali la kulinganisha, anaridhika, kisha swali la kwanza la kitu kinachobingirika linamweka chini.

Fanya jaribio hili nyumbani kabla hujafungua kitabu. Tafuta makopo mawili ya maziwa ya unga. Moja likate pande zote mbili libaki bomba tupu. Lingine lishindilie mchanga mpaka usitikisike, ulifunge. Uyaachie kwa pamoja juu ya ubao ulioinama. Mwanza hatukosi miteremko, lakini tumia ubao ili njia iwe laini. Lililojaa mchanga litatangulia kufika chini kila mara, ingawa ni zito zaidi. Ukifanya hesabu utaona kopo lililojaa linapata mchapuko wa theluthi mbili ya g sin θ, na lile tupu nusu tu ya g sin θ. Uzito umekatika kwenye hesabu na nusu kipenyo kimekatika pia. Kilichobaki ni jinsi maada ilivyopangwa kuzunguka mhimili, na hiyo ndiyo inesha ya kuzunguka. Ukishaliona hilo kwa macho yako, jedwali halina haja ya kukaririwa.

Baada ya mada hiyo, ninaiogopa mada ya mkondo geu wa umeme, hasa pale ambapo volteji na mkondo havifiki kileleni kwa wakati mmoja. Hiyo inatibika kwa kuchora. Asiyechora vekta zake kwenye mkondo geu atahangaika sana.

Nina D ya Hisabati. Niende PCB ili nizikwepe?

PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) haikwepeshi. Mtihani wa Fizikia wa mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na wa PCB ni ule ule mmoja, maswali yale yale, usahihishaji ule ule. Tofauti ni kwamba mwenzako wa PCM anasoma hisabati za juu kila siku, na wewe una BAM tu, yaani hisabati tumizi ya msingi. Mara nyingi fizikia itadai difarensiesheni kabla mwalimu wa BAM hajaifikia.

Lakini D haijakufungia mlango. Umemaliza mtihani Novemba, shule inaanza Julai. Ni zaidi ya miezi saba, na vijana wengi huitumia kuuza duka la shangazi na kuchati. Uza duka, ni sawa, lakini kila siku tenga muda wa mambo manne: trigonometria, vekta, logi pamoja na vipeo, na kalkulasi ya mwanzo kabisa, yaani kupata mteremko wa grafu na eneo lililo chini yake. Ukiingia kidato cha tano ukiwa huna hofu na hayo manne, utakuwa umewapita baadhi ya wenye B.

PCM, PCB au PGM?

Anza na unakotaka kwenda, kisha rudi nyuma. Uhandisi unataka PCM. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu kwa ufaulu wa prinsipo (A hadi E), na chuo cha karibu nawe kabisa kwa fani hiyo ni chuo kikuu cha afya cha CUHAS pale Bugando. PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) watu wanaidharau bila sababu: kwa mtu anayependa hali ya hewa, upimaji wa ardhi au jiolojia, imekaa vizuri, na Geita haiko mbali na hapa. Machi 2024 TAMISEMI ilitangaza orodha ndefu ya tahasusi, 65 kwa jumla, nyingi zikiwa mpya. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha machaguo yako angalia orodha ya mwaka wako, usifuate aliyosoma kaka yako.

Sababu moja ninayoikataa ni "PCM ina heshima." Heshima ya kombi huisha matokeo yakitoka.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama muuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu kachaguliwa PCM, na watu wananiambia mwisho wake ni ualimu tu. Je, nitaziweza gharama?

Marahaba, mama. Nianze na gharama. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa katika shule za serikali. Mzigo unaobaki kwako ni nauli, sare, godoro na vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Isome hiyo fomu mwenyewe au usomewe yote, usimwachie mtoto peke yake. Usinunue vitabu vyote kwa mara moja, subiri afike aone maktaba ina nini.

Akifaulu vizuri kuna mikopo ya Bodi ya Mikopo, na kwa wanaofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kuna Samia Scholarship iliyoanza 2022/2023.

Kuhusu ualimu, mama, ualimu si aibu, na huku kanda ya ziwa walimu wa fizikia wanatafutwa. Lakini njia haziishii hapo. Wapo wahandisi wa umeme, wa meli, wa madini, wa mawasiliano, wataalamu wa hali ya hewa, na wataalamu wa fizikia ya tiba wanaopima dozi kwenye matibabu ya mionzi. Hata taa za sola ambazo wavuvi wako wanaingia nazo ziwani usiku badala ya karabai, kuna mtu aliyesoma elektroniki ndipo zikawaka.

Kitu kimoja tu nakuomba: akirudi likizo, usimpe kazi ya sokoni kuanzia alfajiri mpaka usiku. Mpe nusu siku.

Kiingereza changu ni kibovu. Nitaelewa?

Fikiri kwa Kiswahili, ukitaka hata kwa Kisukuma, ila andika kwa Kiingereza. Fasili na sheria zinataka maneno kamili, hizo zijifunze neno kwa neno. Zilizobaki ni michoro, namba na sentensi fupi. Msahihishaji hatafuti ufasaha, anatafuta kama umesema jambo lililo sahihi.

Maabara yetu haina vifaa vya kutosha. Vitendo nitafanyaje?

Mtihani wa taifa una pepa mbili za nadharia na moja ya vitendo. Hii ya tatu ndiyo watu huichezea, wakidhani wataikamata kwenye wiki mbili za mwisho. Hawaikamati, maana inapima mazoea ya mikono.

Habari njema ni kwamba majaribio mengi hayahitaji vifaa vya bei. Pendulamu ni uzi, jiwe dogo, rula ya mita na stopuwochi ya simu. Springi ya kunyoosha unaipata kwa fundi. Kupoa kwa maji kunataka kipimajoto na kikombe. Cha kutafutia shule ni vya umeme tu: daraja la mita, potenshomita, galvanomita. Hivyo panga foleni na wenzako, na ukipata zamu usiwe mwandishi wa kikundi. Shika nyaya wewe mwenyewe.

Nichukue pendulamu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila fundisho la vitendo. Usihesabu mtikisiko mmoja, hesabu 20 kisha ugawanye, maana kidole chako kinachelewa sehemu ya sekunde kila unapobonya saa, na kosa hilo ukiligawa kwa 20 linakuwa dogo. Rudia mara ya pili. Pembe iwe ndogo, isizidi nyuzi 10. Urefu unapimwa kutoka uzi ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe, si mpaka juu yake.

Sasa tuseme umesahau ukapima mpaka juu ya jiwe kila mara. Je, jaribio limeharibika? Hapana. Ukichora T² dhidi ya urefu, mstari hautapita kwenye sifuri, lakini mteremko wake unabaki vile vile, na g unaipata kwenye mteremko. Ile sehemu mstari unapokata mhimili wa urefu inakuambia nusu kipenyo cha jiwe. Mwanafunzi anayelijua hili anaandika sentensi moja kwenye maoni yake na kuchukua alama. Asiyelijua anaulazimisha mstari upite kwenye sifuri, anaharibu mteremko, na g yake inatoka ya ajabu. Grafu haishurutishwi. Chora mstari unaopita katikati ya nukta zako, uuache uende unakokwenda.

Kwenye daraja la mita, chagua ukinzani wa kulinganishia utakaoleta usawa karibu na katikati ya waya. Karibu na ncha, kosa la milimita moja lina madhara makubwa zaidi.

Kwenye kupoa kwa maji, wapo wanaofunga madirisha yote wakiogopa upepo wa ziwa. Kumbe sheria ya Newton ya kupoa inakaa vizuri zaidi pale hewa inapopita kwa kasi isiyobadilika. Bila upepo inafaa tu kama tofauti ya joto na chumba ni ndogo. Adui ni upepo wa vipindi, unaokuja na kukatika.

Kwa nini majibu ya maabara yetu hayafanani na ya kitabu? Maji hayachemki kwa nyuzi 100!

Swali hili nalipenda kuliko yote, na jibu lake liko chini ya miguu yako. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko iliyo juu ya Dar es Salaam, kwa hiyo kanieneo yake hapa ni kilopaskali 88 hivi badala ya 101. Kwenye baromita ya zebaki utasoma milimita 660 na ushehe, si 760. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapofikia ya hewa inayoyakandamiza, na kwa Mwanza hilo linatokea kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto chako ni kizima. Andika ulichokisoma. Anayeandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100 ameacha kufanya fizikia pale pale.

Jambo hili linaingia hata kwenye maswali ya nadharia. Kiputo cha hewa kinatoka kina cha mita 10 na kupanda mpaka juu ya maji, joto likiwa halibadiliki: kinatanuka mara ngapi? Baharini jibu ni karibu mara 2. Ziwani kwetu ni mara 2.1, kwa sababu hewa ya juu inasukuma kwa kilopaskali 88, pungufu kidogo ya nusu ya zile 186 zilizoko chini, wala si nusu kamili. Kwenye mtihani tumia kanieneo uliyopewa kwenye swali. Lakini jua tofauti inatoka wapi.

Na g je? Karibu na ikweta, na kwa kimo hiki, g ya Mwanza ni 9.78 hivi. Kitabu kinasema 9.81, mtihani wa NECTA huwa unakupa 9.8. Sasa wapo wanaopata 9.2 kwenye pendulamu na kusema "ni kwa sababu tuko Mwanza." Tuhesabu. Pendulamu ya mita moja inachukua sekunde 2.009 kwa g ya hapa, na 2.006 kwa g ya kitabu. Kwa mitikisiko 20 tofauti yote ni sekunde 0.06, na kidole chako peke yake kinakosea zaidi ya hapo. Kwa hiyo stopuwochi ya shule haina uwezo wa kutofautisha Mwanza na London. Mteremko wa T² dhidi ya urefu utakuwa 4.04 ukiwa mwangalifu. Ukipata 4.3, rudi ukapime urefu upya, na usiisingizie ikweta.

Mifano ya vitabu ni theluji na treni za Ulaya. Sisi watu wa ziwa tufanyeje?

Tengeneza yako. Huku kwetu mada nzima nzima ziko nje ya dirisha.

Fizikia ya mazingira: kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja, kilo ya jiwe la granite inahitaji 800 hivi. Ndiyo maana mchana majabali ya Capri Point yanaunguza na maji yaliyo hatua chache pembeni ni baridi. Hewa ya nchi kavu inapanda, upepo unatoka ziwani. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa haraka, upepo unashuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inalazimika kupanda, na radi zinaanza. Mvuvi wa dagaa aliye majini saa 9 usiku anaijua vizuri hiyo mada bila kuisoma.

Mwendo wa vimiminika: mji huu unakunywa maji yanayosukumwa kutoka ziwani kwenda vilimani. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita 100 kunataka jouli 980,000, yaani kama 0.27 ya uniti moja ya umeme, kabla hujahesabu msuguano wa mabomba na udhaifu wa pampu. Kila mita 10 unazopanda, kanieneo kwenye bomba inapungua kilopaskali 98. Sasa unajua kwa nini bomba la aliye bondeni linatoka kwa nguvu na la aliye juu ya mwamba linadondosha.

Joto na kutanuka: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Chukua kiwango cha kutanuka cha zege kuwa 1.2 × 10⁻⁵ kwa kila nyuzi, na joto la zege lipande nyuzi 15 kutoka alfajiri mpaka mchana. Unapata sentimita 54. Siku ukipita juu yake, tafuta zile nafasi zilizoachwa kati ya vipande ujionee sentimita hizo zinavyogawanywa.

Mawimbi: mwanga ukiakisiwa na maji kwa pembe ya nyuzi 53 kutoka kwenye wima, unakuwa umepolaraiziwa kabisa. Kwa hapa jua linafika kwenye pembe hiyo saa 3 asubuhi hivi, na tena saa 10 jioni. Azima miwani ya jua yenye kioo cha kupolaraizi, simama kwenye kivuko cha Kamanga, ugeuze kichwa ubavu taratibu. Mng'aro wa maji utazimika na kuwaka. Na tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, ni swali tayari: mtu aliye kilomita 200 kutoka chanzo, mawimbi ya P yakienda kilomita 6 kwa sekunde na ya S 3.5, atasubiri sekunde ngapi kati ya mshtuko wa kwanza na wa pili? Nusu dakika haifiki.

Fizikia ya atomu: mashine ya tiba ya mionzi inayotumia kobalti-60 ina chanzo ambacho nusu ya nguvu yake hupotea kila miaka 5.27. Kwa mwezi ni upungufu wa asilimia 1.1 hivi. Mgonjwa wa leo na wa mwaka ujao hawawezi kukaa chini ya mashine kwa dakika zile zile, na lazima awepo mtu wa kufanya hesabu hiyo.

Derivesheni nizikariri?

Hapana. Zifanye kwenye karatasi tupu bila kutazama, ukikwama tazama mstari mmoja tu, endelea. Aliyekariri akisahau mstari wa tatu, wa nne hadi wa kumi unaondoka nao.

Tuisheni ni lazima?

Si lazima. Tuisheni ya ubao mrefu na wanafunzi mia, mwalimu anaandika na nyie mnanakili, ni desa lenye kiingilio. Kama pesa ipo, tafuta mahali ambapo wewe ndiye unayeshika chaki. Kama haipo, watu wanne mnaokutana wakati wa prepo na maswali matano mezani mnatosha kabisa, mradi kila mmoja ajaribu peke yake kwanza. Kupiga msuli kwa kusoma notisi kama hadithi hakuna faida kwenye somo hili. Penseli isipotembea hujasoma.

Naogopa kuuliza darasani, wenzangu watanicheka.

Erasto Mpemba alichekwa sana. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaona mchanganyiko wake wa moto umeganda kabla ya uliopozwa kwanza. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganya mambo. Alipofika kidato cha juu Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima, na darasa likaigeuza kuwa utani. Kisha akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza swali lile lile. Wenzake wakaangua kicheko tena. Osborne alirudi chuoni akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu, na hata kuhusu kama jambo hilo hutokea kila mara, lakini wanapobishana wanalitaja kwa jina lake.

Nami naongeza hili kwa walimu wenzangu: swali la ajabu likija, tupime kwanza.

Mitihani iliyopita niifanye lini?

Tangu wiki unayomaliza mada ya kwanza. Toa maswali ya mada hiyo tu, ya miaka mingi, uyafanye kwa saa. Usisubiri moko ya mkoa. Angalia pia mfumo wa mtihani wa mwaka wako kwenye tovuti ya NECTA, kwa sababu mtaala umebadilishwa na mpangilio wa maswali unaweza usifanane na wa kaka zako. Kwa alama zilizozoeleka, A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40. S ni 35 hadi 39, na S si prinsipo. Watu wengi hukosa chuo kwa alama tano walizoziacha kwenye vizio ambavyo hawakuviandika.

Binti yangu kachaguliwa PCM. Si kombi ya wavulana?

Msahihishaji anaona namba ya mtihani tu. Mpeleke.

Nina simu ila bando ni la tabu. Nitafute nini?

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, vipakue mara moja ukiwa na intaneti nzuri. Kwa kuona vitu vinavyotembea, maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ni ya bure na mengi ni mepesi. Ya mzunguko wa umeme na ya mawimbi yananisaidia sana darasani. Video za watu wanaotatua maswali ziangalie baada ya kujaribu mwenyewe.

Ninunue kikokotoo gani?

Cha kisayansi kisichopokea programu, chenye sin, logi na vipeo. Nunua mapema ukizoee, na kabla ya kila pepa hakikisha kiko kwenye digrii au kwenye rediani kulingana na swali. Betri mpya weka Aprili.